Tiketi ya dola moja na familia ya watu saba

Goma – Ukitaja konseri siku hizi mbele ya motari wanaongojea abiria pale Birere, utapata maoni mawili kabla hujamaliza kusema. Wa kwanza atakuambia mji bado una matanga, kuna watu hawajui hata ndugu zao wamezikwa wapi, makuta hayapatikani tangu benki zifunge milango mwanzoni mwa 2025, sasa muziki wa nini? Wa pili atamjibu kwamba watoto wamesikia mabomu ya kutosha, waachwe wasikie na gitaa. Mara nyingi hao wawili wanaishi parsele moja, na jioni wanakula bugali kwenye sahani moja.

Huyo wa pili ana haki. Lakini kuna swali ambalo yeye na mwenzake hawaliulizi, nalo ni zito kuliko ubishi wao: konseri ikifanyika, nani ataingia?

Ubishi wenyewe si wa leo. Katika mwaka 2013 mji ulizungumza maneno yaleyale. Amani Festival ya kwanza ilikuwa imepangwa mwezi wa nane mwaka huo, na mwezi huohuo mabomu yakaanguka ndani ya Goma. Ikaahirishwa. Wengi walidhani imekufa kabla ya kuzaliwa. Mwezi wa kumi na moja M23 wakashindwa vitani, na kuanzia tarehe 14 hadi 16 mwezi wa pili 2014, jukwaa likasimama katika uwanja wa Collège Mwanga, katikati ya mji uliokuwa umetekwa na kuachwa mwishoni mwa 2012. Siku tatu za muziki na ngoma. Kiingilio: dola moja.

Msanii mkubwa wa mwaka ule alikuwa Tiken Jah Fakoly kutoka Côte d'Ivoire. Wanaopenda kuupanga muziki kwa majina watasema ile ilikuwa rege, si roki. Uwanjani swali hilo halina kazi. Gitaa la umeme likipigwa kwa nguvu mbele ya maelfu ya watu, kifua kinatikisika namna ileile, na mtoto anaziba masikio huku anacheka. Kilicho na maana kwa wahami wa vita ni jambo lingine: huyo Tiken Jah mwenyewe aliwahi kutishiwa maisha kwao kwa sababu ya nyimbo zake, akakimbilia Mali na kuishi Bamako miaka mingi. Aliyekuwa jukwaani alijua maana ya kulala kwenye nchi ambayo si yako ukisikiliza habari za kwenu kwenye redio.

Kwa nini watu wa Goma waliokuwa pale bado wanaizungumzia ile wiki, wakati wamesahau mikutano mia ya amani iliyofanyika hotelini? Sababu inaonekana vizuri ukiwatazama watu waliokimbia.

Hesabu mara ngapi familia iliyotoka Masisi au Rutshuru imejikuta katikati ya watu wengi. Mara ya kwanza ni barabarani, godoro kichwani, bidoni mkononi, mama akiwahesabu watoto kila baada ya hatua chache. Kisha ni siku ya kuandikwa majina. Kisha ni siku ya kugawiwa unga na maharagwe, jetoni imekunjwa kwenye kona ya kitenge isipotee, jua liko utosini. Kisha ni kwenye bomba la maji. Kisha ni kwenye maziko. Katika mikusanyiko hiyo yote, mtu aliye mbele yako anaweza kuwa ndiye atakayemaliza kitu kabla hujafika. Ndiyo maana watu wema, waliokuwa majirani wazuri kijijini, walitukanana kambini kwa ajili ya ndoo moja.

Kwenye konseri hakuna kinachoisha. Wimbo ukisikiwa na watu elfu kumi, wewe wa elfu kumi na moja unaupata mzima. Hakuna anayeuliza kadi yako iko wapi, umefika lini, mko wangapi kwenye hema. Mtu aliyeishi miaka miwili akiitwa kwa namba anasimama saa mbili nzima bila kuitwa kabisa. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajawahi kupanga mstari na jetoni.

Na kuna watoto. Baba anamweka mdogo mabegani ili aone jukwaa. Mara ya mwisho alipombeba hivyo, walikuwa wanakimbia. Katika zile hema za shitingi za Kanyaruchinya, Bulengo na Rusayo walizaliwa watoto ambao hawakuwahi kumwona baba yao akicheza. Walimwona akikaa. Walimwona akitoka asubuhi kutafuta kazi ya kubeba mizigo na kurudi bila kitu. Kwa mtoto wa miaka mitano, kumwona papa akiinua mikono na kukosea hatua, na mama akimcheka mbele za watu bila ubaya, ni habari mpya kuhusu familia yake mwenyewe. Hakuna shirika linaloleta hilo kwenye gari, pamoja na unga na sabuni.

Bibi naye atalalamika kwamba makelele yanamuumiza kichwa. Aachwe alalamike. Amekuja kwa miguu yake na atarudi akiwa na la kusimulia.

Hapo ni lazima kusema ukweli mwingine. Konseri haileti amani. Festival ile ilirudi Goma miaka iliyofuata, wasanii wakubwa wakaja, mamia ya vijana wakajitolea kuongoza watu na kufagia uwanja, na bado mwishoni mwa 2021 vita vya M23 vilianza tena. Anayedai kwamba gitaa hunyamazisha bunduki anauza tiketi. Mhunde, Mnande, Mhutu, Mtutsi na Mshi walisimama bega kwa bega Mwanga wakiitikia kiitikio kimoja, kisha kila mmoja akarudi kwenye hofu zake. Lakini walijua, kwa macho yao, kwamba kusimama hivyo kunawezekana, na kwamba hakuna aliyekufa. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 2014 leo ni mtu mzima, pengine ana watoto. Anayo siku moja ya kuilinganisha na hizi.

Wanaosema tungojee kwanza kila kitu kitulie wanapaswa kukumbuka Kinshasa, mwezi wa tisa 1974. Konseri kubwa ya siku tatu ilikuwa imepangwa iende pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. James Brown alikuja, B.B. King alikuja, Miriam Makeba alikuja, Franco na Tabu Ley walikuwa wenyeji. Foreman akapasuka juu ya jicho akifanya mazoezi, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 mwezi wa kumi. Muziki haukungojea. Ulipigwa tarehe 22 hadi 24 mwezi wa tisa kama ulivyopangwa, na wazee waliokuwa uwanjani wanausimulia hadi leo kama jambo la jana. Ni kweli Kinshasa ya wakati ule haikuwa na vita vya kwetu, na Mobutu alikuwa na hesabu zake za kujionyesha kwa dunia. Hesabu hizo tutazirudia hapa chini, maana hata Goma hazikosi watu.

Sasa turudi kwenye mlango wa kuingilia.

Dola moja ni bei ya heshima. Kwa mwalimu, kwa mfanyakazi wa shirika, kwa kijana wa Himbi au Katindo, dola moja haimzuii mtu. Lakini chukua familia ya baba, mama, bibi na watoto wanne. Ni dola saba kwa siku moja, na kama tamasha ni la siku tatu na wanataka kuona zote, ni dola ishirini na moja. Bado hawajatoka nyumbani. Kutoka Mugunga hadi katikati ya mji ni zaidi ya kilomita kumi. Moto moja haibebi watu saba, hata kwa Goma yetu ambako motari hubeba watu watatu na mbuzi. Wanahitaji moto tatu kwenda na tatu kurudi. Weka maji ya kunywa, weka karanga za watoto, kwa sababu mtoto hawezi kuona wengine wanakula akanyamaza. Mwisho wa hesabu baba anasema: nyinyi nendeni, mimi nabaki kulinda nyumba. Mama anasema hapana, basi tusiende. Wanausikiliza muziki kwenye redio, wakibahatika kuwa na betri.

Hivyo ndivyo konseri nyingi za mji zinavyojaa watu ambao vita viliwagusa kidogo, na wale viliowavunja wanabaki nje ya ukuta wa mawe ya volkeno, wakihesabu nyimbo kwa masikio. Hakuna aliyewafukuza. Hesabu ndiyo iliyowafukuza. Na konseri inayotajwa kwa jina la amani, au kwa jina la mshikamano na wakimbizi wa ndani, haiwezi kuiacha hesabu hiyo mikononi mwa baba asiye na kazi.

Dawa yake haihitaji mkutano hotelini. Mtoto asilipe. Watu wazima wa familia moja waingie kwa tiketi moja. Wanaotoka mbali watafutiwe magari, hata ya mizigo, yaliyofungwa kamba pembeni vizuri, yenye saa ya kuondoka na saa ya kurudi inayotangazwa redioni mapema. Mfadhili akitaka jina lake liandikwe kwenye kitambaa cha jukwaa, aombwe alipie magari kwanza.

Saa nayo ina uzito wake. Wasanii hupenda usiku, kwa sababu taa za jukwaa zinapendeza gizani. Lakini Goma jua linazama kwenye saa kumi na mbili, na baada ya hapo mji unabadilika. Kuna vipindi moto zilikatazwa kutembea usiku. Kuna barabara ambazo hata polisi hawazipendi. Msichana wa miaka kumi na sita anayerudi Ndosho peke yake saa nne za usiku hana konseri ya kukumbuka, ana njia ya kukumbuka. Wazazi na wachungaji wanaopinga konseri kwa sababu hiyo hawapingi muziki, wanapinga giza, na wasikilizwe. Hoja yao nyingine, ya pombe, nayo ni ya kweli, na haihitaji hotuba: familia zikiwa nyingi uwanjani, walevi hujikuta wachache na wenye haya.

Usalama wa ndani haupaswi kuongelewa kwa haraka. Tarehe 29 mwezi wa kumi 2022, watu 11 walikufa kwa msongamano kwenye konseri ya Fally Ipupa katika Stade des Martyrs, Kinshasa, uwanja unaohesabiwa kubeba watu 80,000. Mwezi wa saba 2024, uwanja uleule, kwenye konseri ya nyimbo za injili ya Mike Kalambay, wengine 9 wakafa. Moja ilikuwa ya dunia, nyingine ya kanisa, na msongamano haukuuliza. Watu walikwenda na ndugu zao kuimba, wakarudi na maiti. Kwa hiyo anayeandaa konseri Goma na kuwaalika wenye watoto aseme mbele ya watu wote: milango ni mingapi, inafunguka kwa nje au kwa ndani, idadi ya watu ikitimia nani ana uwezo wa kufunga, na mtoto aliyepotea anapelekwa kwenye hema ipi. Akishindwa kujibu hayo manne, familia zibaki nyumbani, na mwandishi yeyote wa habari anayemtangazia konseri yake amwulize kwanza.

Kisha kuna konseri za aina nyingine, ambazo nazo huitwa konseri. Magari yanapita mitaani yakikusanya watu. Unapewa maiyo ya rangi moja, unapewa soda, unaambiwa leo ni siku ya furaha. Msanii anaimba nyimbo mbili, mkubwa anahutubia saa nzima, msanii anarudi na wimbo wa kumsifu mkubwa. Katika nchi hii kila utawala umefanya hivyo, wa sasa na wa zamani, wa karibu na wa mbali. Kuitofautisha na konseri ya kweli hakuhitaji elimu. Je, unaweza kuondoka unapotaka? Je, usipopiga makofi, kuna anayekutazama? Familia iliyokimbia vita imeshapelekwa huku na huku vya kutosha. Kuipakia kwenye gari ili ikajaze uwanja mbele ya kamera ni kuihamisha tena, safari hii kwa muziki. Hayo magari ya kusafirisha familia yaliyotajwa hapo juu yana maana tu kama mtu anaweza kusema hapendi kupanda na asiulizwe kwa nini.

Kuhusu wale wanaosema pesa za jukwaa zingenunua unga, wana nusu ya haki. Anayefadhili muziki mara nyingi si yule anayefadhili chakula, na kufuta konseri hakujazi ghala. Ila kama mtu ameomba pesa akitumia picha za hema za Bulengo, basi aonyeshe hesabu kwa watu wa hema hizo: kilichoingia, kilicholipwa kwa vyombo, kilicholipwa kwa wasanii. Na wasanii wa hapa walipwe makuta, wasilipwe kwa ahadi ya kujulikana. Kijana anayepiga gitaa la besi kwenye konseri ya mchana naye ana mama wa kulisha, pengine mama huyo mwenyewe ni mhami.

Na wale wa matanga? Hao ndio wa kujibiwa kwa upole zaidi, kwa sababu wanazungumza kwa niaba ya wafu. Lakini katika matanga yetu watu huimba. Wanaimba usiku kucha, kwaya inakuja na ngoma zake, mama aliyefiwa anasimama katikati anaanzisha wimbo yeye mwenyewe. Katika kambi, Jumapili hazikukosa kwaya zilizopiga kinanda kwa betri ya jua chini ya shitingi, wakati kilio kilikuwa hema ya tatu kutoka pale. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Kuimba na kulia, kwetu, havijawahi kukaa nyumba mbili tofauti.

Kinachofanya jambo hili liwe gumu zaidi sasa ni kwamba wahami hawako tena mahali pamoja. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na kambi za pembeni ya mji zikaondolewa katika majuma yaliyofuata, familia zilitawanyika. Wengine walirudi Sake na vijiji vya Masisi wakakuta nyumba hazina mabati. Wengine wamekaa kwa shemeji, kwa mjomba, kwa rafiki wa kanisa, watu kumi na wawili katika vyumba viwili. Ukisimamisha jukwaa moja kubwa katikati ya mji, hao hutawaona. Kwenye kambi angalau ulijua pa kuwakuta. Sasa mhami wa vita ni yule mama anayeuza sombe kwenye kona, na jirani yake hajui.

Kwa hiyo jukwaa ndilo liwafuate. Gari la mizigo lenye ubao wa pembeni unaofunguka linatosha kuwa jukwaa. Jenereta moja, spika mbili, wapigaji wanne. Leo Ndosho, kesho Mugunga, siku barabara ikiruhusu Sake, kisha Minova. Si lazima msanii atoke Abidjan. Rumba yetu iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 kama urithi wa dunia nzima, ingekuwa aibu mtoto wa Kitchanga aijue kupitia simu ya jirani tu. Familia zilizopokea na zilizopokelewa zingetoka pamoja kwenye parsele, zikafunga mlango, zikatembea dakika kumi, na kwa saa chache mwenye nyumba na mgeni wake wangekuwa watu wawili wanaosikiliza kitu kimoja. Wanaoishi kumi na wawili kwenye vyumba viwili wanajua jinsi hilo linavyohitajika.

Konseri ya namna hiyo haina tiketi ya kuuza, na labda ndiyo maana hakuna anayekimbilia kuiandaa. Kwenye zile kubwa, zitakaporudi, dola moja ibaki dola moja kwa anayeweza. Milango ifunguliwe saa nane mchana, wimbo wa mwisho uishe jua likiwa bado juu ya ziwa, na mtoto aliye mabegani mwa baba yake asihesabiwe.